Kopo la Dhahabu na Kopo la Pamba

Baba,

Shikamoo. Najua safari hii marahaba yako sitaisikia, lakini mkono umekataa kuanza bila salamu, na ni wewe uliyesema kwamba mtu asiyesalimia hana habari ya kusikilizwa. Mimi habari ninayo. Ninayo kubwa, na tangu nirudi kutoka Buseresere juzi naongea peke yangu humu ndani, mpaka jirani yangu hapa Kambarage kaniuliza dirishani kama nimepata mgeni. Nimemwambia ndiyo, ni baba. Akaendelea kuanika nguo zake.

Kwanza ya nyumbani. Mama hajambo, ila goti linamsumbua asubuhi. Nimembembeleza aje kwangu Shinyanga, amekataa kabisa, anasema hawezi kukuacha peke yako na wachimbaji maana mtaanza kubishana na hakuna wa kuwaamulia. Mihogo uliyoipanda nyuma ya nyumba imeshika vizuri. Baba Kulwa, mwenzako wa winchi, anapita kila siku akitoka duarani, kwenye shimo lenu la dhahabu. Anakaa kwenye kiti chako kile chenye mguu mmoja mfupi, anayumba nacho, na hakitengenezi. Mama alimletea kigogo cha kuweka chini ya mguu, akakisogeza pembeni. Arobaini yako tumeimaliza Jumamosi, watu walijaa, chakula kilitosha.

Sasa sikiliza. Kaa vizuri usikilize, kwa sababu nakuja na jambo ambalo mwanzoni halitakupendeza.

Unaikumbuka ile simu? Mimi naikumbuka kuliko ninavyotaka. Nilikuwa nasahihisha mitihani ya kidato cha tatu, rundo limenifika kidevuni, simu ikaita. Wewe hukusalimia hata kidogo, wewe mwenye sheria za salamu! Ulisema tu, ukiniita mama kwa Kisukuma: "Mayu, dhahabu ni mvivu. Tumepima." Kisha ukaanza kunimwagia habari kwa Kisukuma na Kiswahili vimechanganyika: kopo la pamba limefika mia, kopo la dhahabu limefika tisini na tisa, mmerudia mara tatu, ni vilevile. Nyuma yako nilisikia wachimbaji wanapiga kelele kama mko harusini. Ukaniambia nipande gari nije nione kwa macho yangu.

Nami nikasema nini? Nikasema: "Baba, achana nayo hiyo. Kitabu kilishasema vitu vyote vinaanguka sawa."

Kisha ukauliza, wala hukuwa na hasira: "Kitabu kimeshika kamba?"

Nilicheka, Baba. Nikasema nitakuja likizo. Likizo ilipofika kifua kilikuwa kimekuzidi, na pale zahanati hukuwa na pumzi ya kubishana na mtu. Nilikushika mkono siku mbili na wala hatukuongea habari za makopo. Nilitaka uyataje ili niombe radhi, na nadhani wewe ulisubiri niyataje mimi. Basi tukaongea habari za mvua.

Ngoja nipumzike kidogo hapa.

Haya. Nimekunywa maji, naendelea.

Unajua swali lako lilianza lini? Lilianza mdomoni mwa duara, mwaka ule nilipokuja likizo kutoka chuo nikiwa najiona nimebeba fizikia yote ya dunia kwenye begi. Ndoo ya mawe ilikuwa inaning'inia kwenye winchi, Baba Kulwa kashika mpini, jasho linamtiririka. Ukaniambia niisukume ndoo pembeni kidogo isigonge ukuta. Nikasukuma, ndoo haikutaka. Ukauliza, "Sasa inakukatalia nini? Wewe hujaibeba. Aliyeibeba ni Baba Kulwa."

Nikajibu mbio mbio kwamba huo ndio uzito wake. Ukatikisa kichwa. Ukasema uzito uko kule kwenye mpini, nimwangalie Baba Kulwa mgongo. Hiki ninachopambana nacho mimi ni ukaidi tu, ndoo haitaki kusogea. Kisha ukauliza lile jambo: "Ndoo ikiwa na uzito mara mbili, na ukaidi wake nao unakuwa mara mbili. Si mara mbili na nusu, si mara moja na robo. Uzito ni habari ya kwenda chini. Ukaidi ni habari ya kutosogezwa popote. Hawa wawili nani aliwaozesha?"

Nilisimama pale na fizikia yangu ya begini. Nikasema, "Ndivyo ilivyo, Baba."

Sikujua kwamba mwanaume niliyemjibu hivyo, aliyeishia kidato cha pili, alikuwa ameweka kidole mahali ambapo wakubwa wa fizikia duniani wamejenga nyumba yao nzima. Nadharia kubwa ya mvutano, ile inayosema nafasi yenyewe na wakati wenyewe vimepinda, inaanzia hapohapo: uzito na ukaidi ni kitu kimoja, kwa hiyo jiwe, pamba, dhahabu na maji vyote vinafuata njia ileile vikianguka. Wamelipokea hilo, wakajenga juu yake. Kitu kimoja tu kingepatikana chenye ukaidi kupita uzito wake, ukuta wa nyumba ungepata ufa. Na wewe ulisoma vitabu vyangu vya zamani nilivyokuachia, ukaona mahali walipoandika hivyo, ukapiga mstari kwa penseli, ukaandika pembeni: *Nani kapima kwa dhahabu? Watu wa vitabu hawana dhahabu ya kuchezea.*

Nililiona hilo andiko baada ya mazishi. Nilicheka msibani, shangazi akanifinya.

Nilirudi Shinyanga na daftari lako. Nikakuta umeandika kila kitu kuhusu ile siku, kwa mwandiko wako ule wa kulala kama majani yaliyopigwa na upepo. Makopo mawili marefu yanayofanana, ili upepo usimwonee mmoja. Waya umekunjwa juu ya kila kopo uwe mkono, kama ndoo. Uzi wa nailoni kutoka kwenye gogo la winchi. Kopo moja pamba kutoka shamba la shangazi kule Mhunze, imeshindiliwa mpaka juu. Kopo la pili dhahabu ya Mama Shija, mnunuzi wa pale sokoni, uzito uleule wa pamba kwa mizani yake mwenyewe. Umeandika: *Mama Shija amekaa kwenye kigoda hatua mbili kutoka kwenye kopo, hajapepesa jicho tangu saa nne.* Mnayaachia yote mawili kwa pamoja, yanabembea, kwenda na kurudi ni moja. Kundi moja linahesabu pamba, Baba Kulwa na wenzake wanahesabu dhahabu. Mwanzoni yanakwenda pamoja. Yakifika hamsini, moja linakwenda na lingine linarudi. Pamba ikifika mia, dhahabu ni tisini na tisa.

Baba, hivyo ndivyo jaribio linavyofanywa. Mimi ninayelipwa mshahara wa kufundisha fizikia sikuwahi kufanya jaribio zuri kama lile. Nilikaa na daftari lako mapajani nikasema lazima nilirudie, na lazima nilirudie mbele ya wanafunzi.

Dhahabu sina. Nikachukua nati za chuma kwa fundi baiskeli, makopo mawili, pamba, uzi, nikafunga kwenye boriti ya darasa. Kidato cha tatu kizima kikapanda juu ya madawati. Tukaachia. Tukahesabu kwa sauti, nusu ya darasa pamba, nusu nati, mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuuliza kama tunaimba. Hamsini: moja linakwenda, lingine linarudi. Mwili ukanisisimka. Pamba mia! Nati tisini na tisa!

Niliruka, Baba. Mwalimu mzima, na sketi yangu ya kazi, niliruka. Nikasema si dhahabu peke yake, ni chuma pia, baba yangu hakukosea, baba yangu ameitoboa nyumba ya wakubwa kwa makopo mawili ya Buseresere! Nilikimbia ofisini kumwambia mwalimu wa kemia, na yeye kwa ustaarabu wake akaniuliza kama nimekula mchana. Siku ile nilipita barabarani nikiangalia kila kitu kinachoning'inia, mizani ya muuza nyama, kandambili zimefungwa kwa kamba dukani, nikiona vyote vina siri.

Kesho yake nikaongeza nati ili niuone uvivu vizuri. Nikajaza kopo mpaka juu, nikijua kwamba uvivu wa nati chache ukiwa moja kwa mia, uvivu wa kopo zima hauwezi kupungua. Tukaachia. Tukahesabu. Mia kwa mia.

Tukarudia. Mia kwa mia. Nikapunguza nati zibaki chache chini ya kopo, uvivu ukarudi. Nikajaza, ukaondoka. Mwanafunzi mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mbona uvivu uko pale patupu?"

Nilikwenda kukaa. Nikafungua daftari lako kwenye ukurasa wa vipimo, nikasoma tena neno kwa neno, nikaona. Umeandika: *Uzi, mita moja na nusu kutoka kwenye gogo mpaka mkono wa ndoo, kama kawaida.*

Kama kawaida. Ndivyo mnavyopima duara ninyi wote, tangu nikiwa mtoto nawasikia. Kamba inapimwa mpaka kwenye mkono wa ndoo, na hapo ndipo mnasema duara limefika kina fulani. Kwa duara ni sawa, ndoo ikigusa chini imegusa. Lakini kinachobembea hakijali mkono wa ndoo uko wapi, kinajali mzigo uko wapi. Pamba ilijaa kopo, mzigo wake uko katikati. Dhahabu ni nzito, kidogo tu kinatosha, ikalala yote chini kabisa kama mtu aliyeshiba. Kwa hiyo uzi wa dhahabu, ukiupima mpaka kwenye mzigo, ulikuwa mrefu kuliko wa pamba, na kitu cha uzi mrefu hubembea polepole. Ulifananisha makopo ili umtendee haki kila mmoja, na kule kufanana ndiko kulikokudanganya.

Nililia, nisikufiche. Nililia mbele ya wanafunzi, wakadhani ni msiba umenirudia, na kweli ulikuwa umenirudia. Nilitaka sana uwe umeshinda.

Na hapo ndipo Baba Kulwa alipopiga simu. Alipiga kwa furaha. Kwanza lazima nikueleze kitu ambacho hukukiona, kwa sababu kilikua baada ya wewe kuondoka. Uvivu wa dhahabu umekuwa methali kule. Mtu akichelewa zamu wanamwita dhahabu. Wale wazee waliokuwa wanasema dhahabu inahama, inamkimbia mgomvi, sasa wanasema si imani tena, Masanja ameithibitisha kwa hesabu. Jina lako linatajwa mpaka kwenye maduara ambayo hukuwahi kukanyaga. Baba Kulwa akaniambia wamejenga kaburi, siku ya arobaini watamwaga saruji ya juu, na maneno wameshayachagua: ALIYEPIMA UVIVU WA DHAHABU. Akataka mimi, mwalimu wa fizikia, nisimame niseme mbele ya watu kwamba ni kweli.

Baba, nilikaa siku tatu na jambo hilo. Nilijiambia ninyamaze. Nani angejua? Kidato cha tatu hawaendi Buseresere. Maneno yangekaa pale kaburini, watu wangeendelea kukusifu, Mama angeyasoma kila asubuhi akichota maji. Uongo gani mdogo kuliko huo? Lakini kila nilipokaribia kukubali, nilisikia lile swali lako kwenye simu. Safari hii kamba nilikuwa nimeishika, tena kwa mikono yangu, na ningeambia watu kile ambacho kamba haikusema. Ningekuwa nimekudharau mara ya pili, na mara hii bila hata mitihani ya kusingizia.

Basi nikafunga daftari lako kwenye begi nikaenda.

Nilimwomba Mama Shija dhahabu. Aliniangalia muda mrefu, akasema, "Mimi baba yako nilimpa kwa sababu alinichekesha. Wewe hunichekeshi, lakini una uso wake." Akaja nayo mwenyewe na kigoda chake. Nikawaomba wachimbaji tukutane pale kwenye winchi yenu kabla ya kumwaga saruji. Nilifikiri watakuja watano. Wakaja wote, na wa maduara ya jirani.

Kwanza nikafanya kwa njia yako, kwa makopo yako yaleyale na uzi wako; Mama alikuwa ameyatunza chini ya kitanda. Nilitaka waone kwamba hukudanganya mtu. Wakahesabu kwa kishindo. Pamba mia, dhahabu tisini na tisa. Wakashangilia, vumbi likatimka, mmoja akanibeba juu juu.

Nikashushwa. Nikafungua kopo la dhahabu mbele ya Mama Shija, ambaye alisimama kabisa kwenye kigoda chake. Nikajaza pamba nusu ya kopo, nikaiweka dhahabu juu yake katikati, nikafunika na pamba tena mpaka juu. Pamba ya Mhunze imeikumbatia dhahabu ya Buseresere, Baba, nilitamani uone. Nikafunga. Nikaachia yote mawili.

Yalikwenda pamoja. Hamsini, pamoja. Sabini, pamoja, kama ng'ombe wawili wa jembe moja. Sauti za kuhesabu zilizokuwa mbili zikawa moja, na kadiri ilivyoendelea ikawa inapungua, kwa sababu watu walianza kuelewa. Mia na mia. Hakuna aliyeshangilia.

Baba Kulwa akanijia. Macho mekundu. Akasema, "Mwanangu, umekuja kumzika baba yako mara ya pili?"

Sikuwa na hotuba. Nilimwuliza tu kile ambacho ungemwuliza wewe. "Baba Kulwa, wewe umeshika mpini huu miaka mingapi? Ndoo ikipanda na mawe machache chini, na ndoo ikipanda imejaa, zinayumba sawa?"

Akaangalia mikono yake. Nikaona inasogea kidogo, inakumbuka. Akasema polepole, "Hapana. Yenye mawe chini inayumba kivivu." Halafu kidogo: "Kamba ni ileile. Mzigo ndio umeshuka." Halafu akashika kichwa kwa mikono miwili, akaanza kucheka, kicheko kikubwa chenye machozi. "Nilijua! Siku zote mkono unajua! Masanja angenitukana leo mpaka jua lizame!"

Hapo wote wakaanza kusema kwa pamoja, nami nikawasomea ule mstari wako wa *kama kawaida*. Lakini Baba, hilo silo lililonifanya niongee peke yangu siku mbili. Ngoja.

Walipotulia, Baba Kulwa akaniuliza: "Sawa. Kumbe zinakwenda pamoja. Sasa niambie sababu. Kwa nini ukaidi na uzito viende pamoja kila mara?"

Nikasema, "Sababu haijulikani."

"Huijui wewe?"

"Hakuna anayeijua mpaka chini kabisa, Baba Kulwa. Wamepima kwa vyombo makini kuliko vyetu mbali sana, wamepima mpaka kule juu angani, wamekuta sawa. Wakasema basi tuanzie hapo. Wamejenga kutoka hapo kwenda juu. Lakini chini ya hapo pana giza, na wapo wenye akili kubwa wanaotafuta ufa mpaka leo, kwa sababu kuna mambo ya nyota yanayogoma kukaa ndani ya hesabu."

Kisha mchimbaji mmoja nyuma kabisa akasema, "Kumbe na wao wana *kama kawaida* yao!"

Baba! Ungeona! Ilikuwa kama nimewaambia kuna mwamba mpya umepatikana. Walidhani siku zote kwamba vitabu vimefika chini, na wao ndio wanaopapasa. Huyu anauliza kama ukiyashusha makopo mpaka chini ya duara yatakwenda pamoja vilevile. Yule anauliza maji je, na chumvi je, na mfupa je. Mwingine, Mwislamu mmoja mtaratibu kutoka Kigoma, akasema sisi tumekubali kwamba mia ni mia, lakini tofauti ikiwa ndogo, ionekane kwenye laki tu, nani kati yetu amehesabu laki? Swali la wakubwa kabisa hilo, wanalipotezea maisha yao, na yeye amelitoa akiwa na koleo begani. Chakula cha arobaini kilipoa. Mama akatuma mtu mara mbili kutuita. Mara ya tatu akaja mwenyewe na mwiko, akatukuta tumechora ndoo chini kwenye vumbi, watu wazima wamechuchumaa wanabishana ukaidi unakaa sehemu gani ya jiwe. Alisimama akatuangalia. Akasema, "Kumbe hajaenda popote huyu mtu."

Na sasa kuhusu saruji.

Tuliimwaga baada ya chakula. Waliokuwa wameshika ubao wa maneno wakaniangalia mimi. Nikasema hili si la kuamua mimi, ni lenu, ninyi ndio mlihesabu naye. Baba Kulwa akachukua msumari mrefu. Akapiga magoti, na unajua magoti yake yalivyo, akakaa pale muda akiangalia saruji mbichi. Nilidhani anasali. Akaanza kuandika jina lako, MASANJA, herufi kubwa zilizopinda. Chini yake akaandika ALI, akasita, akageuka akaniangalia kana kwamba mimi ndiye mkubwa na yeye mtoto. Akamalizia.

ALIPIMA.

Basi. Ndilo neno lote lililopo juu yako, Baba. Wenzako wakasema linatosha. Mama Shija akasema kama wangeandika zaidi angekuja kuwadai uongo wao. Mama akamwagia maji kidogo saruji isipasuke.

Nimesharudi shuleni. Kidato cha tatu nimewasomea daftari lako lote, pamoja na kosa. Hasa kosa. Nimewapa kazi, kila mmoja atafute kwenye kitabu cha fizikia mahali palipoandikwa *kama kawaida*, hata kama neno lenyewe halipo. Wameleta mengi, mengine ya kuchekesha, mengine yamenikosesha usingizi kidogo. Mmoja ameuliza nani kapima kwamba dakika ya Mwanza ni sawa na dakika ya chini ya duara. Nimemwambia swali hilo lina watu wake, akae nalo.

Na mimi nimeomba ruhusa. Likizo ijayo Baba Kulwa atanishusha. Duara lenu la zamani, lile mliloliacha, lina uwazi mrefu usio na upepo, tunaweza kufunga uzi mrefu kuliko wote tuliowahi kufunga, na makopo yakatulia yakabembea kwa muda wa kutosha kuhesabu mbali zaidi ya mia. Mama Shija amekubali kutoa dhahabu, ila amesema kopo likishuka na yeye anashuka. Sasa mwenye kigoda chini ya duara, hilo utalicheka mwenyewe huko uliko.

Nina neno moja la mwisho, nalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Siku ile kwenye simu nilikuwa na jibu sahihi, Baba. Vitu vinaanguka sawa, kitabu kilisema kweli. Wewe ulikuwa na jibu lililokosea. Na bado mimi ndiye niliyekuwa nimekosa, kwa sababu nilikuwa na jibu bila kushika kitu chochote mkononi. Nisamehe. Nilipaswa kupanda gari siku ileile na rundo la mitihani liungue.

Nakuahidi hivi: nitashuka. Nitahesabu mia, nitahesabu elfu, nikichoka Baba Kulwa atahesabu, akichoka atahesabu yule wa Kigoma. Nitapima mpaka kwenye mzigo, si mpaka kwenye mkono wa ndoo. Na nikiona tofauti, hata ya nusu ya mbembeo mmoja, nitaanza kwa kujishuku mwenyewe, nirudie mpaka nichoke. Ikikataa kuondoka, basi wewe ndiye wa kwanza nitakayekuambia, nitakuja nikae pale kwenye saruji nikuambie kwa sauti Mama asikie.

Lala salama, Baba. Wabeja, asante sana kwa swali lako. Kamba sasa nimeishika mimi.

Mwanao,
Minza